Corolla 110 yenye injini iliyochoka: uifufue, ununue ya Japani, au uweke kubwa zaidi?

Dalili huja kidogokidogo. Asubuhi ukiwasha, moshi wa bluu unatoka nusu dakika halafu unapotea. Dipstiki uliyokuwa ukiichomoa mara moja kwa mwezi sasa unaichomoa kila Jumamosi, na kila Jumamosi oili imeshuka. Gari likibeba watu wanne, kilima kinakuwa kazi. Halafu siku moja fundi anafunga boneti, anajifuta mikono kwa tambara na kusema: "Hii inataka kushushwa."

Neno hilo likishatamkwa, kila anayepita ana ushauri. Mmoja anasema fanya ovahoo, yaani ifunguliwe na kufufuliwa ileile. Wa pili anasema ovahoo ni kupoteza hela, nunua injini ya Japani, kesho kutwa uko barabarani. Wa tatu, mara nyingi kijana, anasema kwa kuwa injini inatoka hata hivyo, basi ile itakayoingia iwe kubwa zaidi. Wote watatu wana hoja. Njia ya kwanza nimeifanya uani kwangu kwa mikono yangu. Ya pili tuliifanya kwenye Carina ya kaka yangu. Ya tatu nilishika taa na spana kwa rafiki yangu tangu siku ya kwanza hadi gari lilipokwenda kukaguliwa. Naziweka hapa kwa vigezo vilevile, uone ipi inaendana na gari lako, mfuko wako na wiki yako.

Nazungumzia Toyota Corolla AE110 ya mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Mengi yatakufaa pia ukiwa na Carina Ti, Sprinter au ile Spacio ya kwanza, maana injini zao ni za ukoo mmoja: 5A-FE, 4A-FE ya cc 1,587 na 7A-FE ya cc 1,762. Bloku, yaani mwili wenye silinda, ni ya chuma; hedi inayokaa juu yake na kubeba vali ni ya aluminiamu; vali 16, kamshafti mbili, mkanda wa taimingi. Mafundi wetu wamezizoea kuliko injini nyingine yoyote, na spea zake unazipata Gerezani na Ilala kwa Dar, Grogan kwa Nairobi, Kisekka kwa Kampala. Hilo pekee ni sababu tosha ya kulihurumia gari hili kabla ya kuliuza kwa bei ya chuma chakavu. Kwa Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, 110 zilizopo ndizo hizohizo, nyingine haziji.

Vigezo ninavyotumia

Fedha, na hapa nahesabu gharama yote hadi gari linatembea, maana bei ya injini peke yake hudanganya. Muda na vifaa, yaani gari litalala siku ngapi na unahitaji kuwa na nini nyumbani. Yasiyoonekana, yaani kile ambacho hukijui siku unayolipa na kitakachojitokeza baadaye. Barabarani, yaani nguvu, mafuta na breki. Mwisho karatasi: kadi ya gari, bima na polisi.

Lakini kabla ya kigezo chochote, pima

Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakishusha injini ambayo haikuhitaji kushushwa. Tafuta geji ya kompresheni, ya kuazima inatosha. Pasha injini hadi feni ianze kuzunguka, zima, toa plagi zote nne, chomoa soketi ya distribyuta ili kusiwe na cheche, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, kisha piga stata hadi mshale utulie. Andika namba ya kila silinda. Kwa 4A-FE kiwango cha Toyota ni psi 191, kikomo cha chini ni 142, na silinda moja isitofautiane na nyingine kwa zaidi ya psi 14. Kwa 5A-FE namba ni karibu na hizohizo.

Silinda iliyo chini, mwagia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni au silinda zimelika. Ikibaki palepale, tatizo liko juu: vali hazikai vizuri au gasketi ya hedi imeachia. Na ikiwa namba zote ni nzuri, huku moshi wa bluu unatoka asubuhi tu, basi una sili za vali zilizokauka, na hiyo ni kazi ya siku moja au mbili. Usishushe kitu. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Hapo hedi inatoka, lakini bloku huenda bado ni nzima kabisa.

Mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii alikuwa na kauli moja tu kwa wateja wenye haraka: "Mwanangu, tusimzike mgonjwa kabla hatujampima." Sasa, tuseme umepima na namba zimekuwa mbaya kweli. Tuendelee.

Njia ya kwanza: kuifufua injini ileile nyumbani

Fedha. Hapa unalipa vipandevipande, na ndiyo raha yake kwa mtu wa mshahara. Mwezi huu ringi na beringi, mwezi ujao karakana ya kuchonga, mwezi wa tatu seti ya gasketi. Jumla yake inaweza kukaribia au hata kupita bei ya injini iliyotumika, hasa silinda zikihitaji kuchongwa na pistoni kubadilishwa. Usijidanganye kwamba ovahoo ni njia ya bei rahisi. Ni rahisi pale tu bloku na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) vikiwa bado kwenye kipimo.

Muda na vifaa. Mimi ilinichukua wiki saba za Jumamosi na Jumapili. Unahitaji mahali pakavu pa kufungia vitu, cheni bloku (winchi ya mnyororo ya kunyanyulia injini) na fremu ya mabomba ya chuma yenye miguu imara. Tafadhali usitundike injini kwenye tawi la mwembe. Tawi likikatika halitoi onyo. Unahitaji spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inayosoma sawasawa, fila geji ya kupimia nafasi nyembamba, na stendi za kuwekea gari, maana jeki peke yake si ya kumlaza mtu chini. Mikromita unaweza kuazima au kuiachia karakana.

Nikuoneshe kidogo kazi yenyewe ilivyo. Ukiisha kutoa kava ya vali utakuta kamshafti mbili, lakini mkanda unazungusha moja tu. Nyingine inazungushwa kwa giya zinazoumana. Giya moja ni ya mkasi: ina safu mbili za meno zinazovutana kwa springi ili giya zisipige kelele. Kabla hujailegeza, ingiza bolti ndogo ya milimita 6 kwenye tundu lake ili uyafunge meno yale pamoja. Usipofanya hivyo springi inajifungua, na utapoteza nusu siku kuirudisha. Chini ya kamshafti kuna bilauri 16, yaani vikombe vinavyosukuma vali, kila moja na kisahani chake cha kurekebisha nafasi ya vali. Kila kisahani kirudi kilikotoka. Mimi nilitumia trei la mayai: nikaandika namba kwa wino kwenye kila kishimo, vali, springi na kisahani chake vikakaa humo wiki zote saba bila kuchanganyika. Nafasi unayotafuta mwishoni, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi.

Bolti za hedi ni 10 na urefu wake ni wa aina mbili, milimita 90 na 108. Fupi zinakaa upande wa kuingiza hewa, ndefu upande wa moshi. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa Nm 29, kisha kila moja nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Weka nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili uone imezunguka kiasi gani. Jicho peke yake husahau ilipoanzia. Kofia za beringi za kranki zina namba na mshale unaoelekea mbele ya injini, nazo zinakazwa kwa Nm 60. Kila ukikaza kofia moja, zungusha kranki kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini, kwa uzito uleule, kama mlango mzuri kwenye bawaba zake. Ikikaza ghafla baada ya kofia fulani, simama hapohapo. Kofia hiyo ndiyo inayokwambia kitu.

Yasiyoonekana. Kasoro kubwa ya njia hii iko nje ya nyumba yako. Kupima na kuchonga silinda, kusaga kranki na kunyoosha uso wa hedi ni kazi za karakana yenye mashine, na ubora wa injini yako utakuwa ubora wa karakana hiyo. Karakana moja niliyoipelekea bloku ilichonga silinda hadi kipimo cha 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya upana wa kiwandani, kabla sijaleta pistoni. Pistoni zilipokuja, nafasi ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa kwenye silinda mbili. Injini ingewaka, na ingegonga ikiwa baridi kila asubuhi ya maisha yake. Ilibidi nitafute pistoni nyingine na nilipe kuchonga upya. Tangu siku ile hakuna bloku inayotoka kwangu bila pistoni zake kwenye boksi moja. Nafasi hizi zinahesabiwa kwa sehemu za mia za milimita, na mtu anayechonga bila kuishika pistoni mkononi anakisia.

Hedi nayo iwekewe rula iliyonyooka na fila geji kwenye uso wa chini: ikipinda zaidi ya milimita 0.05, inyooshwe. Isinyooshwe "ili tu iwe safi", kwa sababu kila unapoipunguza unaongeza kompresheni kidogo na unaichelewesha kamshafti kidogo. Spea bandia ni hatari nyingine. Ringi na beringi za majina mazuri ya Kijapani, kama NPR, Riken na Taiho, zipo madukani, lakini jina kwenye kisanduku si ushahidi. Nunua kwa muuzaji ambaye mafundi unaowaamini wanarudi kwake.

Barabarani. Nguvu ni ileile ya kiwandani, kama farasi 100. Kwa mtu aliyekuwa anaendesha injini yenye psi 120, itakuwa kama gari jingine. Ikifanywa sawasawa, hii ndiyo njia inayokurudishia miaka mingi zaidi. Kilomita elfu moja za kwanza uendeshe kwa kubadilisha mwendo, usiibane, usiiache inaunguruma imesimama, na umwage oili ya kwanza mapema.

Karatasi. Hakuna. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, na bloku ni ileile.

Inamfaa mwenye usafiri mwingine wa kumpeleka kazini, mwenye subira ya kusafisha bolti moja moja, na mwenye nia ya kukaa na gari.

Njia ya pili: injini ya Japani ya aina ileile

Fedha. Unalipa mara moja, na bei hubadilika kila kontena likifika. Uliza kwanza unanunua nini. Injini kompliti huja na alteneta, stata, distribyuta na manifoldi. Injini tupu haina hivyo, na utavihamisha kutoka kwa ya zamani. Kisha ongeza kwenye hesabu vitu ambavyo lazima uvibadilishe kabla ya kuifunga: mkanda wa taimingi na tenshena yake, wota pampu, sili za kranki mbele na nyuma, sili za kamshafti, thermostati, plagi, gasketi ya kava ya vali. Sili ya nyuma ya kranki ni ya bei ndogo, lakini ukiiacha na ikaanza kuvuja, giaboksi itatoka tena kwa ajili yake. Watu wengi huona gharama hii ni nyongeza wanayoweza kuikwepa. Mimi naiona ni sehemu ya bei ya injini.

Muda na vifaa. Hapa njia hii inaziacha nyingine mbali. Watu wawili wenye cheni bloku na spana za kawaida wanaweza kutoa na kufunga ndani ya Jumamosi na Jumapili moja. Mauntingi ni zilezile, waya ni zilezile, giaboksi inabaki. Hesabu siku tatu ikiwa ni mara yako ya kwanza, kwa sababu bolti za paipu ya moshi hukatika.

Yasiyoonekana. Dashibodi ilibaki Japani. Hakuna anayejua injini ilitembea kilomita ngapi, na anayekutajia namba anakupendezesha tu. Kwa hiyo soma injini yenyewe. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi: rangi ya asali ni njema, ukoko mweusi kama lami ni oili iliyocheleweshwa kubadilishwa. Ingiza kidole kwenye mdomo wa paipu ya maji: ukikuta kutu nyingi, ilikuwa ikinyweshwa maji matupu, na huenda hiyo "ya Japani" imetoka mtaa wa pili. Izungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili. Toa plagi uzitazame, zote ziwe na rangi inayofanana. Kisha omba kupima kompresheni palepale chini, kwa betri na stata. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hukubali. Anayekataa amekujibu.

Injini ya kaka yangu ilipita vipimo hivi vyote, na bado asubuhi ya tatu ilitoa moshi wa bluu. Ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuzungushwa, sili za vali zikakauka. Hatukuwa na pa kudai, gerentii yenyewe ilikuwa ya siku chache na maneno ya mdomo. Tulibadilisha sili, ikatulia, na mpaka leo inatembea. Tangu hapo nawaambia watu: ukiwa na hela kidogo ya ziada, weka sili mpya za vali injini ikiwa bado sakafuni, ambapo mwanga ni mwingi na mgongo haukuumi.

Barabarani. Sawa na kiwandani, ukibahatika kupata nzuri. Umri wake wa baadaye ni mfupi kuliko wa injini iliyofufuliwa vizuri, na ni mrefu kuliko wa iliyofufuliwa vibaya. Angalia pia rejeta yako. Injini nyingi za Japani zimeuawa huku kwetu na rejeta ya zamani iliyoziba, au na ile tabia ya kutoa thermostati "ili isichemshe". Ukitoa thermostati, injini kwenye barabara kuu inatembea baridi, inachoma mafuta zaidi na inajila. Dawa ya kuchemsha ni kusafisha rejeta, kukagua feni na kuweka maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu.

Karatasi. Namba ya injini imebadilika, kwa hiyo kadi lazima ibadilike: Tanzania unakwenda TRA (mamlaka ya mapato), Kenya unakwenda NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Dai risiti yenye namba ya injini na nyaraka za forodha siku unayonunua, maana ukirudi baada ya miezi mitatu huenda duka limehama. Waambie na watu wa bima. Wengi huliahirisha hili hadi siku ya kuuza gari au siku ya ajali, na siku hizo mbili ndizo mbaya zaidi kuligundua.

Inamfaa ambaye gari ndilo linalomlisha, au anayeishi mahali ambapo karakana nzuri ya kuchonga haipo karibu.

Njia ya tatu: kupanda ukubwa

Hapa pana ngazi tatu, na hazifanani hata kidogo.

Ngazi ya chini ni kuweka 4A-FE. Tofauti yake na 5A-FE ni upana wa silinda tu, milimita 81 badala ya 78.7, mwendo wa pistoni ni uleule, 77. Inakaa kwenye mauntingi zilezile kana kwamba imezaliwa humo. Faida yake ni ndogo, lakini ukiikuta nzima kwa bei ya 5A, usiikatae.

Ngazi ya kati ni 7A-FE. Mwendo wa pistoni umeongezwa hadi milimita 85.5, kwa hiyo bloku ni ndefu zaidi kwenda juu na mkanda wake wa taimingi ni mrefu zaidi. Ukinunua wa 5A hautafika. Farasi wake ni kama 115 hadi 120 kutegemea toleo, lakini uzuri wake hausemwi na farasi. Inavuta tangu mizunguko ya chini, na kwa anayepanda Lushoto au Limuru na familia, hiyo ndiyo nguvu inayotumika kila siku. Angalizo moja: 7A-FE nyingi za soko la Japani zilikuja na mfumo wa kuchoma mchanganyiko mwepesi wa mafuta, wenye kontroli boksi (kompyuta ya injini) na sensa zake. Nunua injini pamoja na boksi lake na waya zake.

Ngazi ya juu ni 4A-GE ya vali 20, ndoto ya vijana wengi. Kila silinda ina vali tano, na kuna koo nne za hewa, moja kwa kila silinda. Ile ya kava ya fedha, iliyokuja na AE101, ilitajwa kuwa na farasi 160. Ile ya kava nyeusi, ya AE111, farasi 165 kwenye mizunguko 7,800. Sauti yake ikifika juu inasisimua mwili, sitaficha. Lakini nguvu hiyo iko juu kabisa ya mshale, na kwenye foleni ya Ubungo hutaiona.

Fedha. Injini ni sehemu ndogo ya hesabu. Kwa vali 20 unahitaji kontroli boksi lake, waya zake zote, mara nyingi giaboksi yake, paipu ya moshi ya kutengenezwa, rejeta kubwa zaidi, na breki. Wanaofanikiwa hununua haf-kati, yaani mbele yote ya gari lililokatwa, ili kila kitu kije pamoja. Anayeokota kipande hapa na kipande pale hulipa zaidi. Usichanganye boksi pia: ya kava ya fedha hupima hewa kwa kifaa kilicho kwenye njia ya hewa, ya kava nyeusi husoma msukumo kwenye manifoldi. Waya zitaingia kwa kulazimisha, gari halitatulia.

Muda na vifaa. Rafiki yangu alichukua miezi minane kwa vali 20. Injini yenyewe ilikaa mahali pake wikiendi ya pili. Iliyobaki yote ilikuwa waya, breki, na kusubiri vitu. Bila fundi umeme anayesoma mchoro, usianze. Kwa 7A-FE yenye vitu vyake vyote, wiki mbili zinatosha.

Yasiyoonekana. Unachukua hatari zote za injini iliyotumika, kisha unaongeza za kwako mwenyewe: kila kiungio cha waya ulichokata ni mahali ambapo gari linaweza kuzima usiku wa mvua. Na spea za vali 20 hazipo kila kona kama za 5A. Uwiano wake wa kompresheni ni 10.5 kwa ya fedha na 11 kwa nyeusi, inataka petroli ya oktani ya juu. Ukinunua mafuta yaliyochakachuliwa kando ya barabara, pistoni ndizo zitakazolipa.

Barabarani. 110 ya kawaida ina ngoma kwenye breki za nyuma, na za mbele zimepimwa kwa farasi 100. Ukiongeza nguvu kwa nusu zaidi bila kuongeza breki, umelifanya gari kuwa hatari kwa mtoto anayevuka barabara ambaye hajui chochote kuhusu injini yako. Breki zianze kufungwa, injini ifuate. Kwa hili sina njia ya katikati.

Karatasi. Kama njia ya pili, na zaidi, kwa sababu ukubwa wa injini nao umebadilika kwenye kadi. Tarajia kukaguliwa. Bima isiyojua kwamba 1,498 imekuwa 1,587 ya vali 20 ina sababu ya kukataa kulipa.

Inamfaa anayelipenda gari lenyewe, mwenye gari jingine la kila siku, na asiyehesabu miezi.

Kwa hali yako

Gari likiwa ni la biashara, au ndilo linalopeleka watoto shule, na namba za kompresheni zimeanguka: injini ya Japani ya aina ileile, pamoja na mkanda, wota pampu na sili zote mpya. Mwombe fundi akuachie ya zamani; kranki na hedi yake zinaweza kukufaa siku nyingine.

Umepima, silinda mbili tu zimeshuka, kijiko cha oili hakikubadilisha kitu: toa hedi peke yake, ipelekwe kunyooshwa na kusagwa vali. Usinunue chochote kingine kabla ya kuona uso wa gasketi.

Unataka kujifunza, una uwanja wenye geti, na unaweza kupanda daladala miezi miwili: fungua injini yako. Anza kwa kutafuta karakana ya kuchonga kabla hujafungua bolti ya kwanza. Nenda kaone mashine zao, uliza wanapimaje, uliza kama wanahitaji pistoni mkononi. Wakisema hawahitaji, toka utafute nyingine.

Unapanda milima ukiwa umebeba mizigo na injini imechoka hata hivyo: 7A-FE yenye boksi na waya zake. Piga hesabu ya mafuta pia, kwa mwendo wa mjini itakunywa zaidi kidogo.

Umetamani vali 20 tangu ukiwa shule: nunua diski na kaliper kwanza, uzifunge, uendeshe nazo mwezi mzima na injini yako ya sasa. Mwezi ukiisha na hamu bado ipo, anza kutafuta haf-kati.

Na kama hujapima, jirani yako wa gereji ana geji. Subiri injini ipoe kidogo kabla ya kutoa plagi. Nyuzi za matundu ya plagi kwenye hedi ya aluminiamu hazipendi kufunguliwa zikiwa za moto kabisa.